Fimbo ya Tatu

Ya kwanza niliichoma.
Ilikuwa Januari, tanuri lilikuwa na njaa,
na fimbo yenyewe, nilipoiviringisha juu ya meza,
ilitembea kama bata aliyeshiba:
tako juu, ncha chini, ncha juu, tako chini.
Lempi alikuwa akikunja shuka.
Akaitazama mara moja tu.
"Hiyo," akasema, "itafaa kukorogea rangi."

Mimi ni dereva wa gari la kusukuma theluji,
hapa Ishpeming, mji uliobakiwa na mashimo ya chuma.
Miaka ishirini na miwili nafungua njia
ambayo kesho yake haionekani.
Labda ndiyo maana nilitaka, na mvi hizi,
kunyoosha kitu kimoja
kikabaki kimenyooka.

Kerezo nilinunua kwa mjane wa Arvid Lahti,
dola mia tatu, na kumsaidia kuhamisha friji.
Kwenye droo yake nilikuta miwani ya marehemu
na vumbi la mbao ambalo sikulifuta.

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Mepo hautaki methali.
Ni mti uleule tunaoutoboa Machi
kukinga utomvu wake wa sukari, mpole kabisa;
lakini ukereze mbichi uone:
utajikunja wenyewe, usiku, bila kukuuliza.
Basi unakwangua kidogo, unene wa ukucha,
unautundika kwa uzi karibu na bomba la joto,
unasubiri wiki tatu.
Unakwangua. Unautundika.
Zipo mbao zinazoning'inia pale tangu uchaguzi wa meya
na bado zinafikiri.
Norbert Skaar, fundi wa Duluth, aliniambia kwa simu,
"Acha pupa. Mti hauna miadi na mtu."
Kisha akakata, maana yeye alikuwa nayo.

Ya pili ilinyooka,
ila kila ikigusa mpira ilinguruma,
nyuki ndani ya kopo.
Gundi haikutosha kwenye kiungo, au skrubu ilikaa upande,
hata leo sijui.
Lempi huitumia kushushia utando wa buibui.

Ya tatu iliagizwa.
Verna Maki, mwosha vyombo wa hospitali, shoto,
alitaka gramu mia tano na arobaini,
kishikio cha kitani cha kijani, si cheusi,
na akalipa nusu kwa noti zenye harufu ya sabuni.
Mpingo ulikuja kwa posta, umezibwa nta ncha zote mbili,
mzito kuliko ulivyostahili kipande kidogo vile.
Nilipoupasua ukatoa unga wa zambarau iliyokolea.
Sijui ulimpa nani kivuli.
Nikachonga mikuki minne kupanda kwenye tako,
mitatu ikalingana.
Wa nne uliishia chini, milimita tatu.
Nilipima vibaya, au nilipiga chafya.

Jumanne, baa ya Rudy, nikasimama karibu na mlango
kama mtu anayengoja majibu ya daktari.
Akapaka chaki. Akainama.
Sauti ilikuwa kavu, fupi, kama kuvunja njugu,
na mpira wa bluu ukaingia bila kugusa ukingo.
Wa nane akaukosa. Hilo si langu.

Baadaye kidole chake kikapanda mikuki, mmoja mmoja,
kikasimama pale.
Nikaanza: nitakupunguzia, nipe mwezi, nitaitengeneza upya—
"Wewe nyamaza," akasema.
"Huu ndio nitauelekeza juu kila nikipiga.
Nitaushika gizani nijue iko sawa."
Na kweli akaugeuza juu, akamwita mwingine mezani.

Saa tisa usiku nilikuwa barabarani,
jembe la gari likikwaruza lami,
theluji ikifunga nyuma yangu nilichokifungua.
Nilikuwa naimba, nadhani.

Ijumaa akapiga simu.
Ngozi ya ncha imebanduka.
Nimemwambia ailete.